Harufu Iliyomfukuzisha Mwaisha

"Toka. Unanuka kama mzoga."

Chande alimwambia hivyo mkewe, Mwaisha, mbele ya wageni, wali ukiwa bado wa moto kwenye sinia.

Halafu akatamka talaka.

Mbele ya wageni, jamani...

Hii ni Msimbati, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwaisha alikuwa anaumwa. Tundu moja la pua lilitoa usaha mzito. Shavu la upande huo lilimgonga kwa maumivu, akiinama anahisi uso unataka kupasuka. Na ile harufu... hata yeye mwenyewe ilimkatisha hamu ya kula.

Mama mkwe akaeneza kwamba ana jini. Wakamfukiza ubani mpaka macho yakavimba. Usaha haukukoma.

Sasa kafukuzwa.

Kaka yake, Isihaka, akamchukua. Wakapanda lori la korosho mpaka hospitali ya mjini Mtwara.

Mganga wa meno akamwambia apanue kinywa. Akagonga gego moja la juu. Mwaisha akaruka.

"Mzizi wa jino hili umeoza," mganga akasema. "Usaha umepanda mpaka kwenye uwazi wa ndani ya shavu, ndio unaotokea puani. Hakuna jini hapa."

Akatazama tena.

"Limevunjika. Ulianguka?"

Mwaisha akamgeukia kaka yake.

"Sema, mdogo wangu," Isihaka akamwambia.

"Chande alinipiga ngumi. Kisa, samaki waliungua. Nyumbani nikasema nimeteleza kisimani."

Isihaka alitoka nje. Alishindwa kukaa.

Mmeelewa, wasomaji? Mkono uliovunja jino ndio huohuo uliomfukuza kwa harufu ya jino!

Jino likang'olewa, usaha ukaoshwa, akachomwa sindano. Harufu ikaisha kabisa.

Eda ilipokwisha, Chande akasikia Mwaisha amepona. Akaja na wazee nyumbani kwa Isihaka kumposa upya.

"Mimi nimeshasamehe yaliyopita," akasema.

Nimeshasamehe... yeye!

Mwaisha akatoka ndani, hakungoja kuitwa.

"Umenisamehe nini, Chande? Waambie wazee jino langu lilivunjwa na nani."

Chande akatazama mkeka.

Mzee mmoja aliyekuja naye akanyanyuka, akatafuta viatu vyake, akaondoka. Wenzake wakafuata. Posa ikabaki na mwenyewe.

Mgonjwa akinuka, mpelekeni akatazamwe mpaka meno, kabla hamjamtafutia jini. Na wewe unayempiga mkeo kisha unaziba pua... uozo ni wako.