Bibie wa Sikioni

Sheria mpya ilianza Jumatatu: dereva akikutwa na simu mkononi gari likitembea, faini. Kampuni moja ya bima ikaona hapo hapo pa kujitangazia. Iliwavisha wasichana wake fulana za rangi ya chungwa, ikawasambaza kwenye vituo vya mafuta wagawe bure hedseti za kuongelea simu bila kuishika kwa kila dereva atakayekubali kuacha namba yake. Na neno bure likitajwa, hata mwenye haraka hupunguza mwendo. Foleni ilifika barabarani.

Dereva wa gari la mikate alikuwa ameingia kujaza mafuta tu. Kijana mrefu, shati la buluu limenyooshwa pasi, unga umemganda viwikoni, na simu ameibana kati ya sikio na bega. Mgawaji mmoja, msichana mwenye nywele zilizosukwa kwenda nyuma na macho yasiyotulia, aligonga kioo chake.

"Kaka, hiyo shingo ikipinda, utanyooshwa na nani?"

"Na wewe, kama kampuni yako inalipia."

Msichana alijitahidi kutocheka, midomo ikamsaliti. Alimvalisha ile hedseti mwenyewe, maana jamaa aliivaa juu chini, na ilipowashwa sauti ya kike ikasema ndani yake, "Karibu." Dereva akauliza kama yule bibie anayeongea ni yeye. Hapana, akaambiwa, ni mashine tu. Akaandika namba yake, akaomba wenye bima wasimpigie kabisa, apige msichana mwenyewe.

Alikatwa jicho la nguvu. Jioni simu ikaita. Msichana alisema anahakikisha tu kama kifaa kinafanya kazi. Kesho yake akahakikisha tena, na keshokutwa. Sidhani kama kuna kifaa kilichowahi kuhakikishwa kiasi kile.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyokua, dereva akizunguka madukani na makreti ya mikate, msichana akimpigia soga sikioni. Dereva alimwita bibie, tangu siku ile ya kwanza. Bibie alimsimulia wateja wakorofi, naye akamtania kwamba sauti yake inamfanya apitilize maduka. Siku za mapumziko walitembea wameshikana mikono, na nawaambia ukweli, walipendana hadi wapita njia wakaona haya.

Kisha bibie akapata habari. Kampuni ilikuwa inafungua tawi katika mji wa mbali, ambako sheria kama ile ilikuwa inakaribia kuanza, na walitaka yeye akaongoze wagawaji wote wa huko. Alimpigia dereva papo hapo. Alianza kwa furaha, maneno yakigongana, halafu katikati akapoa. Alikuwa anangoja neno moja tu, baki, na angelisikia angemkatalia bosi wake bila kufikiri mara mbili.

Dereva alipunguza mwendo. Akasema jambo zito kama hilo haliongelei akiwa kwenye usukani. Jumamosi hana zamu, wakae chini.

Bibie alisema sawa. Hakumwambia kwamba bosi anataka jibu Ijumaa. Alijikaza, akajipa moyo, na Alhamisi mchana moyo ukamshinda, akampigia amweleze.

Hapo ndipo penye mkosi. Hedseti ile ilikuwa imeanza kuharibika, na ugonjwa wake mmojawapo ulikuwa kujipokelea simu yenyewe, kimya kimya. Dereva alikuwa stoo anapakia mikate, hana habari. Bibie akamsikia vizuri akimlalamikia mtunza stoo.

"Bibie amenichosha, mwenzangu. Kutwa kucha ananung'unika tu. Jumamosi namwacha, natafuta mwingine."

"Si wewe uliyekuwa unamsifia?"

"Nilimsifia kwa sababu alikuwa wa bure."

Wakacheka wote wawili.

Bibie alikata simu. Alilia chooni, akanawa uso, akaenda moja kwa moja kwa bosi wake akakubali. Atasafiri Jumapili.

Dereva alipiga simu siku hiyo na kesho yake, haikupokewa. Jumamosi asubuhi alifika anakoishi bibie na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Dada alifungua mlango, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akamtazama kutoka juu hadi chini bila kumkaribisha. Nyuma yake kulikuwa na sanduku wazi na nguo zimekunjwa kitandani.

Bibie akatoka, macho yamevimba. Alimrudishia maneno yake yote, moja baada ya jingine, hadi lile la wa bure.

Dereva alisikiliza hadi mwisho. Kisha, mjinga yule, akacheka, mbele ya mwanamke ambaye hajalala. Ilibidi ajieleze haraka. Madereva wote wa mikate wanaiita hedseti ile bibie, kwa sababu ya sauti yake. Akaitoa mfukoni, akaiwasha, na sauti ikanung'unika kwamba chaji inakaribia kuisha. Ikanung'unika tena. Dada alikimbilia chumba cha cherehani, kicheko chake kikasikika hadi nje.

Bibie hakucheka.

"Nimeshakubali kazi. Naondoka kesho."

"Vizuri."

"Vizuri?" Bibie alimsogelea. "Nilingoja uniombe nibaki. Neno moja tu. Kwa nini hukuniomba?"

"Kwa sababu ungebaki."

"Ndiyo, ningebaki. Ubaya wake nini?"

"Siku ile uliponiambia ulikuwa na furaha, kisha ukajizuia kwa ajili yangu. Nilisikia. Ukibaki, siku tutakayogombania hata chumvi utaikumbuka kazi hiyo, na mimi sitakuwa na la kujibu. Sikutaka kukuomba ubaki, mpenzi. Nilitaka kukuuliza kitu kingine, nimesimama, nakuona usoni."

"Uliza basi."

Alikuwa amejifunza maneno mazuri njia nzima. Yote yalimkimbia.

"Huko unakokwenda wanakula mikate?"

"Nani asiyekula mikate?"

"Basi watahitaji dereva. Nataka kukuoa, bibie. Tangulia wewe, mimi nikishaaga kazini nakufuata. Leo nitaongea na dada, na wazazi wako nitawafuata waliko."

Bibie aliinama, machozi yakamdondokea viatuni. Kwa siku mbili alikuwa amejiona mtu wa kuachwa, na sasa alikuwa anafuatwa. Alimshika mkono, akaung'ang'ania.

"Nimekubali," alisema. "Lakini ukiwa na jambo la kuniambia, usiliweke tena hadi Jumamosi. Egesha gari pembeni, uniambie."

Aliahidi. Kesho yake alimpeleka kituo cha mabasi kwa gari la mikate. Njiani aliegesha pembeni mara tatu, kila mara ana jambo la kumwambia, na walipofika basi lilikuwa linafunga mlango, bibie akalikimbilia akaliwahi.