Spika Nayo Hutolewa Nje

Mama Fundi alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha. Mguu ulikanyaga, kitambaa kikateleza, sindano ikala uzi. Mume wake alikuwa amerudi sasa hivi kutoka kwenye tanuri la mikate. Unga bado ulikuwa kwenye nyusi zake. Aliweka mkate wa moto kando ya mkasi wa mke wake, akaenda kulala. Ndivyo alivyomshukuru kila asubuhi.

Uani, Babu alikuwa anaota jua. Babu ni baba wa huyo mwokaji. Masikio yake yamechoka. Ukitaka akusikie, kaa mbele yake useme polepole. Binti wa nyumba hii alilijua hilo. Walimwita Kasuku kwa sababu ya maneno yake mengi. Lakini kila alipompelekea Babu chai, alichuchumaa kwanza, akamtazama usoni, ndipo akafungua mdomo.

Jumamosi Babu angetimiza miaka themanini. Ndugu wengi wangekuja. Dada yake asingeweza. Anakaa nchi ya mbali, na miguu haimbebi tena. Kwa hiyo alirekodi salamu, akazituma kwenye simu ya Kasuku.

Babu alijaribu kuzisikiliza. Aliiweka simu sikio hili, akaihamishia sikio lile. Mwisho aliirudisha.

"Analia kama mbu," alisema. "Dada yangu si mbu. Alikuwa akiniita mara moja, mtaa mzima unageuka."

Kasuku alimkimbilia mama yake.

"Mama, tununue spika ya bluetooth. Haina waya. Inashikana na simu kwa hewa tu. Babu atamsikia dada yake, halafu watu watacheza."

"Na wewe utakuwa wa kwanza kucheza," alisema Mama Fundi. "Haya, vaa viatu."

Duka la vifaa vya sauti lilikuwa chumba kidogo chenye vigae sakafuni na ukutani. Muuzaji aliwasha spika moja kubwa nyeusi. Taa nyekundu na za kijani zikazunguka. Akaweka wimbo wake wa ngoma. Vioo vya kabati vikatetemeka.

Mama Fundi aliweka kiganja juu ya spika, kama anavyopima uzito wa kitambaa. Mtetemo ulipanda hadi kwenye bega.

"Hii ina nguvu jamani!"

"Na ina taa!" alisema Kasuku.

Wakainunua. Wakapeana zamu kuibeba, maana ilikuwa nzito kama gunia.

Jioni ile waliiweka chini uani, kwenye kona. Kasuku alicheza wimbo. Du! Du! Du! Babu alitazama mlango wa uani.

"Fungueni mlango jamani. Kuna mtu anagonga."

Kasuku alicheka. Kisha akacheza salamu, na kicheko kikamwisha. Dada yake Babu alisikika kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Wakaongeza sauti. Ikakwaruza. Babu hakushika hata neno moja.

"Nzuri," alisema Babu. "Nzuri sana, mkwe wangu. Mmejisumbua." Kisha akatazama kikombe chake.

Mama Fundi aliijua "nzuri" ya namna hiyo. Ni ya mteja anayesifu gauni, halafu analitundika kabatini asilivae hata siku moja.

Kesho yake alikuja jirani, Mama Mazoezi. Yeye huwafundisha wanawake wa mtaa mazoezi ya viungo kwenye uwanja wa wazi. Kila asubuhi sauti yake husikika ikiwahimiza: inua, shusha, usimwonee wivu jirani! Alikuwa ameleta suruali ipanuliwe.

"Fundi, suruali imesinyaa," alisema.

"Suruali haisinyai peke yake, shoga yangu. Inasaidiwa."

Wakacheka. Kisha Mama Mazoezi akaiona spika kwenye kona, na uso wa mwenzake. Hakumcheka kwa hilo. Alivuta stuli akakaa.

"Nieleze."

Mama Fundi alimweleza yote. Mama Mazoezi akauliza, "Mteja akitaka kitambaa cha bluu, unakichagua wapi?"

"Namtoa nacho mlangoni. Taa ya duka inadanganya. Rangi ya kweli huionyesha jua."

"Basi spika nayo hutolewa nje. Kwenye chumba kidogo cha vigae, hata sufuria ina sauti kubwa. Sherehe yako ni uani, hakuna dari. Sauti inapotea hewani. Mimi ya kwanza niliinunua hivyohivyo. Wanafunzi wangu wa nyuma walikuwa wanaruka wakati wa mbele wamelala chini!"

Kasuku alisogea. "Sasa tuchague vipi, mama mdogo?"

"Nenda na simu yako na sauti yako mwenyewe. Muuzaji anaweka wimbo unaoipendeza spika yake. Wewe unataka kusikia maneno, basi weka maneno. Zile salamu. Kisha rudi nyuma, mbali kama alipo mgeni wa mwisho. Ukishika kila neno bila kuikazia sauti mpaka mwisho, umepata. Ikikwaruza, iache. Mdundo mzito ni mtamu kwa kucheza, lakini ukizidi unameza maneno."

"Mimi niliigusa kwa mkono," alisema Mama Fundi polepole.

"Mkono unajua kitambaa, fundi. Hapa peleka sikio."

Akaendelea huku akimega mkate. Muda wa betri ulioandikwa kwenye boksi, alisema, mara nyingi ni wa sauti ya wastani. Ukipiga kwa nguvu betri huisha mapema zaidi. Kwa hiyo chukua yenye muda wa ziada, na uichaji ijae siku ya kabla. Kama kuna vinywaji na watoto, tafuta kwenye boksi alama ya IP, inayoonyesha kama spika inavumilia maji. Na uibebe kabla ya kulipa.

"Taa je?" Kasuku aliuliza.

"Taa zinakula betri, mwanangu. Na Babu hasikii kwa macho."

"Lakini hii tumeshanunua," alisema Mama Fundi.

"Risiti unayo? Boksi lipo?"

Mama Fundi alishika kichwa. Boksi! Makaratasi magumu katika nyumba hii hayakai siku mbili. Yote hukatwa yawe vielelezo vya kola na mifuko. Alikimbilia meza ya kukatia. Boksi lilikuwa hapo, limechorwa kola nzima kwa chaki. Mkasi ulikuwa juu yake, umefunguka. Lakini halikuwa limekatwa.

"Mkate wa mume wangu umeniokoa," alisema. "Ulikuja wa moto, nikaacha kukata nile kwanza."

Kule dukani, muuzaji alilitazama boksi, akaitazama kola.

"Mama, spika ilitaka shati?"

"Ilitaka, ila halikuikaa," alisema Mama Fundi. "Sasa tupe nyingine. Na hii ya pili tutaisikilizia barabarani."

Muuzaji aliangalia risiti, akakubali. Tena akawatolea meza mlangoni kwa mikono yake. Walijaribu tatu. Kasuku alirudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara. Ya kwanza alitikisa kichwa. Ya pili vilevile. Ya tatu haikuwa na taa hata moja. Ilikuwa na mpini, na ilibebeka kwa mkono mmoja. Kasuku alinyoosha mikono yote juu.

"Namsikia mpaka anavyovuta pumzi!"

Jumamosi ua ulijaa. Mama Mazoezi aliweka spika juu ya stuli, mbali na kona, kwa sababu kona huongeza mdundo. Alipunguza besi, ule mdundo mzito, kwenye simu. Watoto aliwasogeza, wasitege masikio mbele ya spika. Watu walicheza mpaka mwokaji akatoa jasho jingi kuliko kwenye tanuri.

Kisha Kasuku alizima muziki. Alimletea Babu kiti karibu kidogo na spika, akachuchumaa, akamtazama usoni.

"Babu, sikiliza."

Akabonyeza simu.

"We mdogo wangu!" ilisema sauti ya mwanamke mzee. "We mwizi wa sukari! Themanini? Na bado hujanilipa ile uliyolamba, ukasingizia paka?"

Babu alisimama bila fimbo.

"Nilikuachia nusu!" aliijibu spika. "Sema ukweli, dada! Nilikuachia nusu!"

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Sauti iliendelea, ikamwombea heri, ikamtaja mama yao. Babu alikuwa akiitikia kila sentensi. Hakupitwa na neno.

Salamu zilipokwisha, alikaa. Mama Fundi aliinama mbele yake.

"Umesikia, baba?"

Babu aliushika mkono wake.

"Siku ile niliwaambia kuna mtu anagonga," alisema. "Leo mmemfungulia. Ameingia."