Wapangaji wa Marehemu Shafiek

Harufu ya vitunguu vikikaangwa ilianza siku ya Jumanne, saa kumi alasiri, wakati wa mgao. Moerida alikuwa jikoni na chai iliyopoa. Jiko lake lilikuwa limezima, majiko ya jirani yamezima, mtaa mzima hauna umeme mpaka saa kumi na mbili na nusu. Hata hivyo vitunguu vilikaangwa, na karibu mno, kiasi kwamba aliyasikia mafuta yakilia kikaangoni. Aliifuata harufu mpaka chumba cha nyuma, akasimama mbele ya kabati la marehemu mumewe. Ndani ya kabati lile hamkuwa na kitu ila makasha ya gemu za runinga.

Sisi wa Mitchells Plain tuliomjua Shafiek tulizijua na gemu zake. Alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda kimoja cha Salt River, na mara mbili hivi kwa mwaka alirudi na kasha jipya chini ya kwapa, akilibeba kama mtu aliyebeba yai. Hakulifungua. Hata ile karatasi ya nailoni hakuichana. Ukimuuliza atacheza lini, alikuwa na jibu moja: "Siyo leo. Nikistaafu." Miaka ishirini na miwili, siyo leo. Alistaafu siku ya Ijumaa, tukala keki, na Jumapili ya wiki iliyofuata tukamzika. Lilituuma jambo hilo kuliko kifo chenyewe. Aliacha makasha arobaini na moja, yote na nailoni yake.

Moerida, ambaye alishona kola za mashati kwa miaka thelathini na minane, aliyaita takataka. Harufu ya vitunguu pekee isingemtisha, maana si mwanamke wa kufukuzwa na kitunguu. Lakini wiki hiyo hiyo binti yake Nuraan alirudi nyumbani na mabegi mawili na mimba ya miezi minne. Mumewe alikuwa amempa talaka kwa ujumbe wa simu. Hakuwa na pengine pa kwenda, na nyumba ya Moerida haikuwa na chumba kingine ila kile cha nyuma.

Nuraan alijilaza humo baada ya adhuhuri. Mama yake alipoingia na chai alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono tumboni, midomo imekauka.

"Mama, nani alikuwa anapiga hodi?"

"Mlangoni?"

"Hapana. Hapa." Akaonyesha tumbo. Alizungumza kwa kunong'ona. "Mtoto mdogo. Alikuwa anagonga kwa kidole, anamwambia mwenzake atoke wakacheze."

Siku hiyo Moerida alimwita Boeta Salie. Kwetu Boeta ni kaka mkubwa, na huyu Salie anatengeneza friji. Ila akimaliza friji huwasomea wagonjwa, na kazi zote mbili anazifanya vizuri. Alikuja na kisanduku chake cha spana, akaweka sikio kwenye kabati kama anavyosikiliza mashine ya friji. Alisikiliza muda mrefu. Baadaye alimwambia Moerida asikilize na yeye, na Moerida akasikia sahani zikioshwa, mbali, na mwanamke akimgombeza mtoto kwa lugha asiyoijua.

Boeta Salie alieleza mambo bila kupamba. Nyumba isiyokaliwa na mwenyewe hukaliwa na wasiokaribishwa. Kila kasha lilikuwa nyumba iliyojengwa ikafungwa, na kila mara Shafiek alisimama mlangoni akasema siyo leo, nao wakalichukua neno hilo kuwa ruhusa. Kuyachoma makasha kusingefaa, wangetoka na hasira ya watu waliounguziwa nyumba. Kuyagawa kusingefaa pia, labda kama anataka kumpelekea jirani nyoka ndani ya kapu. Dawa ilikuwa moja: kuchana nailoni, kusema bismillahi, kuingia ndani ya mchezo na kukaa mpaka mwisho wake. Mchezo ukishaanza hawatoki mpaka umalizike, na ukimalizika wanahamia kwenye kile kilicho karibu ambacho bado kimefungwa. Cha mwisho kikiisha, hawana pa kukaa.

"Yaani nicheze?" Moerida aliuliza.

"Ucheze, Tietie," alisema, yaani dada mkubwa.

"Mimi? Mwanamke mzima wa miaka sitini na mmoja?"

"Shafiek ndiye alitakiwa acheze. Kamwite basi, kama anakusikia."

Nuraan alileta mashine ya kuchezea, akaiunga kwenye runinga, akamfundisha kushika rimoti yake kwa siku mbili, na siku hizo mbili kicheko chake kilisikika mtaani. Siku ya tatu hakucheka tena. Vidole vilivyopitisha kola chini ya sindano kwa miaka thelathini na minane havikuwa na papara wala havikuchoka. Moerida alianza na mpira, akachukua kombe. Akaendesha magari, akalima mashamba ya karoti yasiyolika, akaongoza treni, akaua watu wengi kuliko inavyompasa mtu aliyehiji. Alikaa chini baada ya sala ya alfajiri na kuinuka adhuhuri, kisha akarudi. Jirani yake Kulsum alileta sahani ya vitumbua vya Jumapili, akamkuta amevaa hijabu na miwani anapigana na joka, akaweka sahani sakafuni na kuondoka bila kuaga.

Kila mchezo ulipoisha, mlango ulisikika ukifungwa mahali fulani ndani ya kabati, na nyayo za watu waliobeba mizigo. Makasha yaliyobaki yakawa mazito. Kasha la ishirini Moerida alilishika kwa mikono miwili. Kasha la thelathini lilimlazimu alivute sakafuni kama gunia la unga.

Hapo ndipo walipoanza kuzungumza naye. Ilikuwa mchana, mvua ya Julai inapiga bati, umeme umekatika, na Moerida akaona runinga haikuzimika. Taa ya mashine ilikuwa imekufa lakini picha iliendelea kuwaka, na kutoka nyuma ya picha ikaja sauti ya mwanamke mzee, taratibu, yenye adabu zote.

"Kanala, Mida." Ni neno la wazee wetu la kuombea, bibi zetu walilitumia hata kwa paka. "Tuna watoto humu. Unatutoa twende wapi?"

Moerida hakuiacha rimoti. Alikuwa na miaka minane lori lilipokuja kuwatoa District Six, mtaa ambao serikali iliutwaa uwe wa Wazungu, baba yake akabeba kitanda na mama yake akabeba sufuria ikiwa bado na mchuzi, na nyumba ikabomolewa wakiwa hawajafika mwisho wa barabara. Hakuna swali lililomuuma duniani kuliko lile.

"Sisi tulitolewa kwetu," alijibu. "Baba yangu alikuwa na risiti za kodi za miaka kumi na tisa. Nyie nionyesheni moja."

"Tuna neno la mumeo. Alisema siyo leo."

"Mume wangu amekufa."

Kisha ile sauti ikasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtia Moerida baridi: "Basi maliza. Hata mwanao ana kitu kilichofungwa, na kiko karibu."

Aliicheza gemu ile mpaka mwisho. Alicheza na zilizofuata, lakini alipomaliza ya arobaini aliacha. Kasha la arobaini na moja lilibaki peke yake kabatini, halinyanyuki, likiwa na moto kama jiwe la juani, na ndani yake mlikuwa na kelele ya ukoo mzima uliobanana chumba kimoja. Akilimaliza Nuraan akiwa bado na mimba, watahamia tumboni mwake. Akaamua kungoja mpaka mtoto azaliwe, na wakati huo wote Nuraan alilala kitandani kwa mama yake, mlango wa nyuma umefungwa kwa kiti.

Uchungu ulimwanza Nuraan asubuhi ya Alhamisi. Kulsum alileta gari. Moerida alikuwa ameshavaa viatu, kibeti mkononi, ndipo aliposikia kutoka chumba cha nyuma mlio mdogo anaoujua vizuri, mlio wa nailoni ikichanika. Akaondoa kiti akachungulia. Karatasi ya lile kasha ilikuwa inachanika yenyewe, kwa ndani, kidogo kidogo, kwa kitu mfano wa kucha. Nao hawakuwa na nia ya kungoja.

Akarudi uani, akapitisha kichwa dirishani mwa gari.

"Nenda na Kulsum, mwanangu. Mimi siji."

"Mama, huji? Leo?"

"Nashika mlango. Kulsum, akilia tu mtoto, nipigie. Kabla hamjamfuta damu, nipigie."

Kilio cha Nuraan lile gari lilipokuwa linaondoka, Moerida anasema, ndicho kitu pekee cha hadithi hii asichotaka kuulizwa.

Akachana nailoni iliyobaki, akasema bismillahi, akaingia. Alichokuwa amekipanga hakukipata kwa Boeta Salie, alikipata kichwani mwake: mchezo ukishaanza hawatoki mpaka umalizike, basi usimalizike. Ulikuwa mchezo wa kijana anayemtafuta ndugu yake ndani ya ngome. Alifika ukumbi wa mwisho saa nane mchana, ambako lilisimama jitu la mlinzi, na hapo akaanza kulizunguka. Akiuawa, umekwisha. Akiliua, umekwisha. Alilizunguka tu, hapigi wala hapigwi, saa ya kwanza, saa ya pili, na saa kumi umeme ukakatika na picha ikaendelea kuwaka, na chumba kikajaa harufu ya vitunguu na ya nguo mbichi na ya watu wengi waliolala pamoja, na pumzi zikawa shingoni kwake, na vidole vidogo vikamvuta pindo la gauni, vikimwita bibi, vikimsihi atazame nyuma, naye hakutazama, akahesabu hatua za lile jitu kama alivyokuwa akihesabu mishono, kumi na mbili kushoto na nne nyuma, mpaka zile pumzi zikatulia zote kwa pamoja kama watu wanaompisha mkubwa, na nyuma ya bega lake la kulia ikaja harufu ya chaki ya fundi, na sauti aliyoilalia na kuiamkia miaka thelathini na tano ikasema, karibu na sikio:

"Siyo leo, Mida."

Machozi yalimtoka hapo hapo. Tusimcheke.

"Zima," ilisema sauti ya Shafiek. "Ukiumaliza hutanisikia tena. Kaa na mimi. Utamaliza kesho."

Anakiri kwamba kidole kilikwenda kwenye kitufe cha kuzima. Anakiri kilikaa juu yake. Halafu simu ikalia mapajani, akaiwasha kwa kiwiko, na kabla Kulsum hajasema neno ikaja sauti ya kiumbe aliyekasirika, mpya kabisa, akilia kwa nguvu zote za kifua.

"Leo ni leo, Shafiek," Moerida alisema. "Msema kesho ni mwongo, na wewe uliniongopea miaka ishirini na miwili."

Akalipiga lile jitu mara tatu. Likaanguka. Ndugu wawili wakakumbatiana, majina yakaanza kupanda kwenye kioo, na kwa kila jina kitu kilimpita Moerida kwenda dirishani, wakubwa, wadogo, mmoja akichechemea, mpaka majina yakaisha na runinga ikazima, kama runinga yoyote wakati wa mgao. Chumba kilikuwa kitupu. Alikaa gizani akalia kwa sauti, kwanza kwa mume, kisha kwa mjukuu.

Siku ya saba tulikusanyika kumpa mtoto jina. Alibebwa kwenye sinia lililopambwa maua, akakatwa nywele, akaitwa Tasneem. Kila mtu alikuja na zawadi, na zawadi zikarundikwa pembeni mwa kile chumba cha nyuma, ambacho sasa kilikuwa na kitanda na pazia jipya. Wageni walipoondoka Moerida aliingia akamkuta Nuraan amejinyoosha, mtoto kifuani, macho yanafumba.

"Zawadi ni nyingi, Mama. Nitazifungua kesho."

Moerida akasimama. Vitunguu vilikuwa vinakaangwa. Na chini ya lundo lile la karatasi za rangi, mtu mzima alikohoa kwa adabu, kama mgeni anayetaka kujulikana yupo.

"Neno hilo," alimwambia binti yake, "usilitamke tena katika nyumba hii."

Akaushusha msumarini mkasi wa kukatia vitambaa wa Shafiek. Akakaa chini sakafuni, akasema bismillahi, akaanza kukata, sanduku baada ya sanduku, utepe baada ya utepe, hakuuliza zimetoka kwa nani. Katika kifurushi cha mwisho, cha chini kabisa, mlikuwa na kifulana cheupe cha mtoto. Alipokishika kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Moerida alikikung'uta dirishani mara tatu. Halafu akamvisha mjukuu wake.