Maji ya Kupoozea Yalichafukia Wapi?

Kasmiri alifanya kazi katika kiwanda cha barafu karibu na Mwigobero, mjini Musoma. Yeye alitunza maji ya kupoozea mashine. Maji hayo hupita ndani ya mashine, hubeba joto, hupoa kwenye tangi la nje, kisha hurudi tena.

Siku moja maji yalianza kunuka. Tangi likashika utelezi. Mashine zikachemka, barafu ikatoka laini, na samaki wa wachuuzi wakaanza kuoza.

Kasmiri alitia dawa ya klorini. Maji yakatulia kidogo, yakachafuka tena. Akasugua tangi. Yakachafuka tena. Kichwa kilimzunguka.

"Ni hao akina mama wanaoosha dagaa ziwani," alisema Danford, mwenye kiwanda. "Bomba letu linavuta uchafu wao. Nitawaondoa wote pale!"

Mke wa Kasmiri, Ursula, alikuwa mmoja wao.

Jioni, nyumbani Nyakato, alimweleza. Ursula aliacha kula.

"Baba Esta, sisi tunaoshaga dagaa pale miaka yote. Mbona maji yenu hayakunuka?"

"Hata mimi sielewi, mama Esta. Nimechanganyikiwa."

Asubuhi alimsihi Danford asubiri. Wakamwita Gloria, fundi wa mitambo kutoka Bunda.

"Tusibahatishe," alisema Gloria. "Tuyafuate maji. Tuchote kila yanapopita, na kila chupa tuiandike ilikotoka."

Maji ya bomba la ziwani yalikuwa safi. Lakini kwenye mashine, yanayoingia yalikuwa machafu, na yanayotoka machafu vilevile.

"Sasa tutajuaje?" aliuliza Kasmiri. "Kote kuchafu!"

"Ni kwa sababu yanazunguka, kaka. Uchafu wa sehemu moja unafika kote. Tuyaondoe yote, tusafishe, tuanze na maji mapya."

Maji machafu waliyatia kwenye shimo la maji taka la kiwanda, si ziwani. Kisha wakawasha mashine na kuchota tena. Mashine ya kwanza, maji yaliingia safi, yakatoka safi. Ya pili, yaliingia safi. Yalipotoka, juu yake palielea utando wa rangi rangi.

"Mafuta!" Kasmiri alishtuka.

"Ndiyo. Humu ndani kuna bomba limepasuka. Mafuta ya mashine yanavujia kwenye maji. Vijidudu vinayala, vinazaliana, ndiyo huo utelezi. Klorini inaviua, lakini chakula chao kinaendelea kuja."

Bomba lilibadilishwa. Barafu ikatoka ngumu. Tangu hapo Kasmiri huchota maji kila wiki, yanapoingia na yanapotoka kwenye kila mashine, ili uvujaji ujulikane mapema.

Danford alishuka mwenyewe hadi ziwani. Akina mama walipomwona, waliacha kuosha, wakakumbatia beseni zao. Ursula alisimama mbele.

"Endeleeni na kazi, mama zangu," alisema Danford. "Uchafu ulikuwa wangu."