Mlango wa Paneli ya Saba

"Koleo, unanipata?"

"Nakupata, Kituo."

"Mlango mmoja wa paneli unaua. Una dakika kumi na mbili."

Redio yake ya Motorola ikanyamaza.

Koleo alikuwa ameshatimua mbio. Kabla serikali haijampa bastola, jasusi huyu alikuwa fundi umeme, na leo alirudia ovaroli yake ya buluu, Glock ikiwa kwapani. Saa nne kamili umeme ungeingia kwenye mtambo wa maji. Mhandisi mkuu, mama wa makamo ambaye peke yake alizijua pampu zile, angeshika mpini wa paneli na kufa mbele ya wapiga picha. Kisha mabwana wa kampuni ya nje wangetoa pole na kujitolea kuendesha maji ya mji mzima. Fisi naye hujitolea kulinda mbuzi.

"Zuieni umeme usiingie," Koleo akasema redioni.

"Haiwezekani. Wakijua tumewanusa, watatoroka. Tunawataka wote."

"Na yule mama je?"

"Ndiyo maana tumekutuma wewe."

Paneli, yale makabati ya chuma yenye swichi za umeme, zilikuwa kumi na mbili, na Kituo hakikujua ni ipi.

Akachomoa Fluke, kipimo chake cha siku zote, kinacholia njia ya waya ikiwa nzima. Kila mlango uliungwa na mwili wa paneli kwa waya bapa wa shaba uliosukwa kama ukili, ili ufunguke na kufungwa bila waya kukatika. Huo ndio waya wa ethi. Umeme ukipotea njia, waya huo huupeleka ardhini badala ya kifuani mwa mtu.

Ya kwanza, kipimo kikalia. Ya pili, kikalia. Akaenda hivyo mpaka ya sita.

Ya saba, kimya.

Kwa macho, kazi ilikuwa safi. Akafungua boliti. Ilikuwa ya plastiki, imepakwa rangi ya fedha. Chini ya lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya waya, rangi ya bati, inayozuia umeme kupita, haikukwanguliwa hata kidogo. Na nyuma ya swichi, waya mwekundu wa umeme ulikuwa umeungwa na mlango wenyewe.

Akaukata.

Ndipo alipoiona ncha ya ule waya wa ethi. Kabla ya kuingia kwenye lagi, ilikuwa imefungwa uzi wa shaba, mizunguko mitatu iliyoelekea kushoto, kama ya mtu wa mashoto. Waya wa kusuka ukikatwa bila kufungwa hufumuka kama mkeka uliokosa pindo. Mafundi wengi hawajali. Mmoja tu, aliyemfundisha kazi, aliwahi kumpiga Koleo vidole kwa sababu ya nyuzi mbili zilizochomoza. Hata alipotega kifo, mzee yule hakuweza kufanya kazi ya ovyo.

Mjomba.

Asubuhi walikutana getini. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mwanangu. Leo nimepata kazi." Koleo alifurahi, akamnunulia chai.

Dakika nne.

Akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Akatia boliti ya chuma, akakaza. Kipimo kikalia.

"Kituo, mlango ni salama."

"Nani aliufanya?"

Angeweza kusema hajui. Nani mwingine angesoma mizunguko mitatu ya shaba?

"Yuko getini. Mzee, mtu wa mashoto. Msimpige. Ni mjomba wangu."

Saa nne, mama yule alishika mpini, pampu zikanguruma, watu wakapiga makofi. Nje, mabwana wa ile kampuni walitolewa ndani ya Land Cruiser, mmoja simu ikiwa bado sikioni.

Mjomba alikuwa ameketi nyuma ya gari la polisi, pingu mikononi.

"Ulijua itamuua mama wa watu?"

"Nilijua."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Miaka tisa tangu nistaafu, hakuna aliyeniita hata kubadili balbu. Wewe pia hukuniita. Wao walikuja, wakaniita fundi."

Kosa lile adhabu yake ni kifungo cha maisha, na wote wawili walilijua hilo.

"Rangi umekwangua?" mzee akauliza.

"Nimekwangua."

"Grisi?"

Koleo akatikisa kichwa.

"Usipopaka, mwakani kutu itakula pale, na mtu atakufa bure. Nilikufundisha nini?"

Koleo akavaa miwani yake nyeusi. Akatia mikono mifukoni, akarudi ndani taratibu, kama mtu anayetembelea bustani. Akamwomba mtunza stoo grisi, akafungua mlango wa saba, akapaka kwa kidole, kidogo kidogo, pembe zote.

Alipotoka, gari lilikuwa limeshaondoka.