Upande wa Ndani wa Mshono

Hakuwa na pumzi ya kukimbia, hakuwa na hamu ya kula, hakuwa na rafiki wa kumngoja njiani. Shuleni walimwita Kobe. Kitu alichokuwa nacho tele ni hofu ya kisu.

Vali moja ya moyo wake, kijilango cha kupitishia damu, haikufunga sawasawa. Mama yake, fundi cherehani, alimpeleka kwa madaktari wawili wa moyo ili achague mmoja.

Wa kwanza alikuwa na maneno matamu. "Unachoka, mwanangu?"

"Sichoki," Kobe alidanganya.

"Basi vidonge vitatosha. Kisu cha nini?"

Wa pili, mwanamke asiyetabasamu, alimpandisha ngazi. Hawakufika juu. Kobe alikaa chini akihema, midomo imebadilika rangi.

"Asipopasuliwa, moyo utatanuka mpaka ushindwe," daktari alisema.

Mama akauliza, "Na kazi zilizokuharibikia, daktari?"

Daktari alijibu, "Wengi niliowapasua wanacheza. Wawili hawakuamka. Mmoja aliletwa amechelewa. Wa pili, mpaka leo najiuliza. Kafikirini, kisha mniandikie."

Nyumbani Kobe aliangua kilio. "Twende kwa yule wa kwanza! Yeye hajaua mtu!"

"Nani kakwambia? Tulimuuliza?" Mama alichukua gauni aliloletewa kurekebisha, akaligeuza ndani nje. Nje lilimeremeta, ndani nyuzi zilining'inia ovyo. Alivuta mmoja tu, mkono wa gauni ukaachia. "Mwenye hili alitazama nje. Yule daktari wa pili leo ametuonyesha mishono yake ya ndani, hata iliyofumuka. Na wewe je? Ulimwonyesha nini yule wa kwanza?"

Kobe aliinama. "Nilidanganya. Naogopa, mama."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua. Daktari akwambie kweli, nawe umwambie kweli. Bila hivyo hakuna tiba."

Kobe alifuta kamasi. "Basi asinishone kama mimi ninavyoshona vifungo."

"Mungu apishe mbali!" Mama alicheka, kisha akageuka kufuta macho.

Mama alimwandikia daktari wa pili kwamba wamekubali. Chini yake Kobe akaongeza kwa mkono wake: "Ninachoka sana. Usiku nalala nimekaa."

Mama alisoma mstari ule, akaikunja barua. Aliilamba bahasha, akaibana kwa kiganja. Walikwenda posta polepole, wakipumzika kila kona, na Kobe mwenyewe akaitumbukiza.