Mayai Sitini ya Kalondu

Kalondu alikuwa anabishana na muuza friji mbovu pale Soko la Toi, rinda lake la maua limekunjwa hadi magotini, wakati kijana mmoja mwenye shati lililokosa kifungo alipoingilia yasiyomhusu.

“Chukua hiyo. Inashika joto vizuri.”

“Nani amekuuliza?”

“Hakuna. Lakini unatengeneza mashine ya kutotoa vifaranga, ama?”

Huyo alikuwa Osewe wa Sarang'ombe, fundi wa kuandika programu za vifaa vidogo. Wiki mbili baadaye kifaa chake cha kupima joto, kinachoendesha taa ya kupasha na feni ya kuzungusha hewa, kilikuwa ndani ya friji ile, huko Kawangware kwa Kalondu, na Osewe mwenyewe alishaingia moyoni mwake. Mapenzi hayapigi hodi.

Kalondu akapanga mayai sitini, oda ya kwanza ya maisha yake. Ikiharibika, biashara imekufa kabla ya kuzaliwa. Siku ya kumi na nane akapiga simu.

“Babe, mayai yamepoa.”

“Skrini inasema ngapi?”

“Thelathini na saba na nusu. Lakini mkono wangu unasikia baridi.”

“Mkono si thamomita, mrembo. Umekuwa ukifungua-fungua mlango.”

“Kwa hivyo mimi ni mwongo?”

“Nimesema yangu, nimemaliza.”

Osewe akakata, akazima simu siku mbili nzima. Siku ya ishirini na moja, ya kutotoa, ikapita, na hakuna yai lililopasuka. Kalondu aliyatupa yote akilia.

Osewe, kwa ubishi tu, alichukua kifaa kingine kama kile, akakipasha joto hadi feni ikamaliza zamu, kisha akakiweka ndani ya friji baridi ya muuza soda pale Makina. Kikaendelea kusoma thelathini na saba na nusu. Akakaa chini.

Kosa lilikuwa lake. Ndani ya chipu, ubongo wa kifaa, kuna saa inayopiga bila kukoma, na bila mapigo hayo hakuna kinachofanya kazi. Ili kuokoa betri, aliandika kwamba feni ikimaliza zamu yake izime saa. Alisahau kuwa thamomita inatumia saa hiyohiyo. Feni ilipoizima, thamomita iliganda kwenye namba yake ya mwisho, na taa ya kupasha joto haikuwaka tena. Akaandika upya: kila anayetumia saa ahesabiwe, na izimwe tu wa mwisho akishamaliza.

Akatembea hadi Kawangware na trei mbili za mayai, akaeleza yote akiwa amesimama mlangoni.

“Feni ilimaliza yake, ikazima saa ya wote?” Kalondu aliuliza.

“Eeh.”

“Bila kuuliza nani bado anatumia?”

“Eeh.”

“Kama wewe na simu yako. Mimi nilikuwa bado naongea, Osewe.”

Aibu ikamshika. “Nisamehe. Ongea.”

Kalondu akamkaribisha ndani, akaongea hadi chai ikapoa. Osewe hakumkatiza hata mara moja.

Siku ya ishirini na moja ya mayai mapya, simu ya Osewe ililia.

“Babe, wamepasua! Sikiza!”

“Nawasikia, Kalondu wangu.”

“Na Jumamosi mama anakuja kutoka Kitui. Vaa shati lenye vifungo vyote.”

Osewe alijipapasa kifuani, akacheka. “Nitavaa. Umemaliza?”

“Bado.”

Basi akangoja.